Mzee wa Leso Pale Mwandiga

Watu wa Kibirizi walimjua Elida kwa mambo mawili: dagaa wake hawakuwa na mchanga, na pikipiki yake ilikuwa ya kiume. Ndivyo walivyoiita wenyewe, ya kiume, kwa sababu ilikuwa Honda ya zamani, ndefu, yenye tangi jekundu lililofifia, aliyoinunua kwenye mnada wa vyombo chakavu vya serikali. Asubuhi alishuka nayo mwaloni kupokea dagaa kutoka kwa wavuvi, akasimamia kuanikwa na kufungwa magunia, kisha jioni akapanda nayo kurudi Ujiji alikoishi na baba yake. Mume alikuwa naye zamani. Alivuka ziwa kwenda Kongo kutafuta maisha, akanyamaza huko huko.

Baba yake, Mzee Yakobo, alikuwa dereva wa lori la chama cha ushirika, Bedifodi yenye pua ndefu, akiteremsha kahawa kutoka milima ya Kalinzi hadi stesheni ya reli Kigoma. Mkewe alifariki Elida akiwa bado mdogo, na shule zilipofungwa hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto. Basi alimpakia kwenye kebini. Ili asilie wala asisinzie, alimtungia mchezo. Anayeiona kwanza gari ya ajabu anaitaja: jina lake, na kama anaweza, mwaka wake. Mtoto alipozoea, mzee akaongeza ugumu. Sasa gari itajwe kabla haijaonekana, kwa mlio wake tu, ikiwa bado nyuma ya kona. Elida alikua akijua kutenganisha mlio wa Pijo na wa Datsun kama watoto wengine wanavyotenganisha sauti za shangazi zao.

Kiharusi kilimpata mzee mwaka juzi. Hakikumuua, ila kilimnyang'anya upande wa kushoto. Mguu ukawa wa kuburuta, mdomo ukavutwa chini, na pembeni mwa mdomo mate yalitoka bila yeye kujua, ndiyo maana saa zote alikuwa na leso nyeupe mkononi. Akili ilibaki nzima. Maneno ndiyo yalichelewa. Aliweza kuanza sentensi, akatulia katikati kama mtu anayetafuta gia, halafu akaimalizia wakati wewe umeshahamia jambo lingine.

Mwaka huohuo Elida aliingia kwenye kikundi cha waendesha pikipiki. Kiongozi wao alikuwa Thobias, muuza spea wa Mwanga, mtu mnene mwenye cheko jepesi, na wengi wao walikuwa watu wa ofisi: mhasibu, daktari wa meno, kijana mmoja wa benki aitwaye Patrick aliyependa kupiga picha kuliko kuendesha. Kila sikukuu walitoka pamoja, msafara mmoja, wakafuatwa nyuma na Hailaksi ya Thobias iliyobeba maji, mafuta na vifaa vya pancha. Mwanamke alikuwa Elida peke yake. Mwanzoni walimpisha kwenye kona kama mgonjwa. Kisha siku moja, wakiwa njiani, alipiga honi mara mbili na kunyoosha ngumi juu. Walipogeuka waliona Pijo ya kuchukulia mizigo, kuukuu, yenye namba za Burundi, imejaa ndizi. Walisimama, wakapiga picha, wakacheka. Kuanzia hapo kila safari ilikuwa na mawindo, na aliyewinda vizuri alinunuliwa mishikaki na wenzake.

"Huu mchezo umeutoa wapi?" Thobias alimuuliza.

"Nimeubuni tu," Elida akajibu.

Ukaitwa mchezo wa Elida. Alilisikia jina hilo likimfurahisha, akaliacha.

Jumamosi, kesho yake ikiwa Pasaka, Mzee Yakobo alikuwa amekaa barazani, Elida akikaza cheni ya pikipiki.

"Jumatatu mnakwenda wapi?" mzee aliuliza.

"Manyovu, baba. Tunapitia Kalinzi."

Mzee alifuta mdomo. Elida akadhani yamekwisha.

"Ile gari yenu," mzee akasema, "ile ya kubeba maji. Haina nafasi ya mzee mmoja? Sitasumbua. Nitakaa tu dirishani."

Elida hakuinua kichwa. Alimwona baba yake akishuka kwenye Hailaksi pale Kalinzi, akiburuta mguu mbele ya yule daktari wa meno. Akamwona Patrick akisubiri kwa adabu sentensi ambayo haiishi. Akajiona na yeye mwenyewe akiacha mishikaki yake na kumpeleka mzee vichakani kukojoa. Kwenye kikundi kile hakuwa mwuza dagaa, hakuwa mwanamke aliyeachwa, hakuwa muuguzi wa mtu. Alikuwa Elida wa Honda.

"Imejaa, baba," akasema. "Safari hii watu watakuja na wageni."

"Aa," mzee akasema. "Basi. Siku nyingine, mama."

Ndani ya Hailaksi angekuwamo Jeremia, dereva, peke yake na madumu ya maji.

Jumatatu kulikucha kumetulia baada ya mvua ya usiku. Elida alimwandalia baba chai na viazi, akafunika chakula cha mchana, akamuaga. Mzee alikuwa ameshavaa koti lake la kaki, lile la udereva, lakini Elida hakulitilia maanani. Siku za sikukuu alipenda kulivaa.

Wakakutana Mwanga, wakapanga mstari, Thobias mbele, Elida wa tano, Patrick nyuma yake. Walipokaribia njia panda ya Mwandiga, pale barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya Kasulu, Elida aliona kitu cheupe kikipunga upande wa kushoto, mbele ya meza za wauza ndizi.

Ilikuwa leso. Chini ya leso ulikuwapo mkono, na chini ya mkono koti la kaki.

Mzee Yakobo alikuwa amesimama mbele ya kiti cha plastiki, fimbo kwenye mkono mbovu, leso kwenye mkono mzima, akiipunga juu kabisa kwa nguvu zake zote. Alikuwa akicheka. Mdomo uliovutwa chini ulifanya cheko liwe la upande mmoja, na mate yaling'aa kidevuni kwa kuwa leso ilikuwa na kazi nyingine. Alikuwa akiziangalia pikipiki moja baada ya nyingine, akitafuta iliyo nyekundu.

Elida alimwona vizuri. Kichwa chake kiligeuka kabisa, akaona hata kifungo cha shingo kilivyokosea tundu. Mkono wake wa kulia ulikwishaanza kulegeza mafuta.

Hapo Patrick akapiga honi mara mbili. Upande wa kulia, kwenye kituo cha mafuta, lilikuwa limesimama pikipiki kubwa la Kijerumani lenye masanduku ya bati ubavuni na namba za nchi ambayo hakuna aliyeijua, na kando yake mzungu mwenye ndevu akinywa soda. Vichwa vyote vya msafara viligeukia kulia. Ngumi zikanyooshwa. Na Elida, aliyekuwa amekwisha kumwona baba yake, akageuza kichwa chake kulia pamoja na wenzake, akanyoosha ngumi, akaongeza mafuta.

Ilikwisha hivyo. Barabara ilianza kupanda, na njia panda ikabaki nyuma.

Kwenye milima ile mtu huendesha akiwa na furaha hata kama hakutaka. Lami inajinyonganyonga katikati ya migomba na mibuni, hewa inapoa, na kila kona ina kitu kipya. Waliona Volkswagen ya kobe iliyopakwa rangi ya kijani kwa brashi. Waliona Vespa iliyofungwa kreti za soda mbele na nyuma. Waliona Landrova ya misheni isiyo na milango, imejaa wanakwaya waliovaa majoho, wote wakiimba. Elida hakuiona hata moja kwanza. Alikuwa akijibizana na mtu asiyekuwapo: kwamba msafara hauwezi kusimama ghafla, angesababisha ajali, kwamba angempigia baadaye, kwamba hakumtuma kwenda kusimama barabarani. Kila alipojibu, alikiona kile kifungo.

Kalinzi walipumzika kwenye banda la nyama choma. Helmeti zikavuliwa, mabishano yakaanza, na wote wakakubaliana kwamba ushindi wa asubuhi ni wa Patrick na pikipiki lake la Kijerumani.

"Lakini na yule mzee mlimwona?" Patrick akasema, kinywa kimejaa. "Pale Mwandiga. Mwenye leso. Jamani, alikuwa anapunga kama anaongoza ndege itue!" Akasimama akaigiza, mkono mmoja umelegea, mdomo ameuvuta chini kidogo.

Watu walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walicheka kama watu wanavyocheka siku ya sikukuu. Elida naye alicheka. Alijisikia akicheka, sauti yake mwenyewe ikipanda kati ya zile nyingine, na mshikaki mkononi ukageuka kitu asichojua akifanyie nini.

Ndipo uliposikika mlio kutoka bondeni. Gia ya pili, yenye kulia kama mtoto anayebembelezwa, halafu kupumua, halafu kulia tena. Wengine waliendelea kula. Elida alisimama.

"Bedifodi," akasema.

"Hakuna Bedifodi siku hizi," Thobias akasema.

Lakini liliibuka kwenye kona, polepole, pua mbele, bodi la mbao limechakaa, limebeba mikungu ya ndizi na watu juu yake. Kikundi kizima kililipuka kwa shangwe. Thobias alimshika Elida bega, akamtikisa. "Kwa mlio tu! Kabla halijaonekana! Wewe ni mchawi, Elida! Huyu mpeni mishikaki yote!"

Lori likapita mbele yao na dereva akapiga honi, honi ileile nzito ya lori la utotoni mwake. Elida alijua kwamba huko duniani kuna mtu mmoja tu ambaye lori lile lilikuwa halali yake kuliona, na mtu huyo alikuwa amesimama kando ya barabara chini ya mlima, na yeye alimpita.

"Narudi," akasema.

"Unarudi wapi? Manyovu je?"

"Nina dharura nyumbani."

Hakungoja maswali. Alipofika nusu ya mteremko, mvua ikaanguka, ile ya masika isiyopiga hodi, na lami ikawa mto. Hakujikinga mahali. Mwandiga alikuta kiti cha plastiki kimeinamishwa dhidi ya meza, na mama muuza ndizi, Agnesi, amejibanza chini ya turubai.

"Mwakeye, mama," Elida akamsalimia kwa Kiha. "Kulikuwa na mzee hapa."

"Mwenye koti? Ameondoka sasa hivi kwa bajaji, baada ya kuloa wee." Agnesi alimtazama Elida kuanzia helmeti hadi viatu. "Nilimwambia, mzee, ingia ndani ya turubai. Akasema watarudi njia hii hii, nikiwa ndani hawataniona. Ana binti kwenye ule msafara. Ametuhesabia pikipiki zote kama binti alivyomsimulia, hiyo ni ya fulani, hiyo ni ya fulani, na hiyo nyekundu ni ya kwangu mimi. Alituchekesha sana." Kisha akauliza polepole, "Ni wewe?"

"Ni mimi."

Agnesi aligeukia meza yake. Alichukua chane ya ndizi mbivu, akaifunga kwenye mfuko, akampa. "Mpelekee. Alizisifia."

Nyumbani, koti la kaki lilikuwa linachuruzika kwenye kamba ya ndani. Mzee Yakobo alikaa kitandani amejifunika blanketi, nywele zimelala, macho yamechangamka kama ya mtoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba! Mbona mapema? Kaa, kaa nikwambie." Na akasimulia, kwa mapumziko yake marefu, jinsi alivyopanda bajaji, jinsi msafara ulivyopendeza, jinsi Thobias anavyokaa vibaya kwenye kona. Kikohozi kilimkatiza, akakisubiri kipite. "Na lile pikipiki la mzungu! Umeliona? Lazima umeliona, wote mligeuka. Nilikupungia, lakini mlikuwa mnaangalia kule. Mtu hawezi kuacha kuangalia kitu kama kile."

Aliusogeza udhuru ule mbele ya Elida kama mtu anavyosogeza kigoda kwa mgeni. Elida akaukalia.

"Ndiyo, baba," akasema. "Tuliliangalia lile."

Usiku homa ilipanda. Asubuhi mzee alikuwa anapumua kwa tabu, na Elida akampeleka hospitali, ambako walisema mapafu yameshikwa, alazwe. Kwa siku kadhaa mambo yalikuwa mabaya. Dagaa wa Kibirizi walianikwa na watu wengine. Elida alikaa kwenye benchi kando ya kitanda akimfuta mdomo kwa leso ileile aliyoifua mwenyewe, na wauguzi walipopita walisema, "Mzee ana bahati, ana binti," na kila mara alitamani wasiseme.

Katikati ya siku hizo alikwenda dukani kwa Thobias kumwambia asimhesabu kwa safari zijazo. Thobias alitaka kujua sababu.

"Yule mzee wa leso aliyeigizwa na Patrick," Elida akasema, "ni baba yangu. Mchezo ule ni wake. Na nilimwona."

Thobias aliweka chini boksi la plagi alilokuwa ameshika. "Patrick hakujua," akasema.

"Patrick hana kosa. Mimi nilijua, na nilicheka."

Alasiri moja homa ilishuka. Mzee aliomba uji, akaunywa wote, akaomba aegemezwe kwenye mto karibu na dirisha ili asikie barabara. Gari zilipita. Alikuwa akizitaja kwa mdomo tu bila sauti. Elida aliona kwamba akingoja tena hatasema kamwe.

"Baba. Pale Mwandiga nilikuona."

Mzee aliendelea kutazama nje.

"Nilikuona kabla ya lile pikipiki. Nikageuka makusudi. Na Hailaksi haikujaa. Ilikuwa tupu."

Kimya kilikuwa kirefu kupita vile vya kawaida yake, na Elida hakuweza kujua kama baba anatafuta neno au ameamua kutosema.

"Mimi ni dereva," mzee akasema. "Barabarani unaangalia vichwa vya watu. Kichwa ndicho kinakwambia huyu anataka kuvuka, huyu havuki." Akapumzika. "Helmeti yako iligeuka kwangu. Ikakaa. Halafu ikaenda kule."

"Ulijua?"

"Nilijua. Nikajiambia labda kioo chake kina ukungu." Alifuta mdomo, akaichunguza leso kana kwamba kuna kitu kimeandikwa juu yake. "Iliniuma, mwana wanje, mwanangu. Sitakudanganya. Iliniuma zaidi ya sindano zao hizi."

Elida alilia bila kujificha, na mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia ukutani kwa heshima. Mzee hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka akaishiwa, ndipo akauliza:

"Manyovu mlifika?"

"Sikufika. Niliishia Kalinzi. Niliona Bedifodi, baba."

Mzee akageuka mzimamzima, upande mbovu na upande mzima. "Acha."

"Kweli. Niliisikia kabla haijatoka bondeni."

"Pua ya mviringo au ya pembe? Taa zake ziko ndani ya bodi au zimetokeza?" Na Elida akajibu, na kila alipokosea mzee alimrudisha nyuma, akamwuliza tena, mpaka wakaafikiana ilikuwa ya mwaka gani na huenda ilitoka chama gani. Neno la kusamehe halikutamkwa siku ile, wala siku iliyofuata.

Mzee alitoka hospitali akiwa amepungua. Nane Nane ilipofika, Thobias mwenyewe alikuja Ujiji na Hailaksi, akapiga magoti kidogo kumsalimia, akasema gari haliondoki Kigoma bila yeye. Mzee alimtazama Elida.

"Unanichukua kwa huruma?"

Elida alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa alikuwa ameshachoka na majibu ya haraka. "Sijui, baba. Labda kidogo. Lakini nataka uwepo."

"Hilo linatosha," mzee akasema, akaomba koti lake.

Walikwenda Uvinza siku hiyo, kwenye vumbi la kiangazi. Mzee alikaa mbele pamoja na Jeremia, dirisha wazi, na kila alipotoa mkono na leso nje, msafara mzima ulipunguza mwendo kutafuta alichokisikia. Patrick alikuwa ameomba radhi mapema asubuhi, amesimama wima kama mwanafunzi, na mzee akamwambia amwigize tena aone kama alipatia, lakini Patrick hakuweza. Hata hivyo, safari haikuwa nyepesi. Mzee alichoka kabla ya saa ya kula, alilala kinywa wazi, akaamka amejikojolea, na Elida akampeleka nyuma ya gari, akambadilisha nguo, wenzake wakitazama upande mwingine. Aibu ilikuja kama alivyoiogopa. Ilikuja, ikakaa kidogo, naye akaendelea kufunga mkanda wa suruali ya baba yake.

Kwenye mgahawa wa Uvinza, mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akiuza chai alimtazama akimlisha mzee wali kwa kijiko, akatikisa kichwa kwa kupendezwa.

"Mungu akubariki, binti yangu. Watoto wa siku hizi wanawaficha wazazi wao. Wewe unatembea na wako."

Mzee Yakobo alikuwa anatafuna. Alimtupia Elida jicho, akaendelea kutafuna.

"Asante, mama," Elida akasema. Aliweka kijiko chini, akafuta mikono, akatoka nje kwenye jua kutazama kama cheni ya pikipiki imelegea.